Chris Lebeau, fundi wa vitambaa

Siku ya Mungu, Misa ikiisha huko Butembo ao Beni, wamama wanatoka kanisani na vikwembe vyao vya waksi, na uwanja wote unajaa rangi. Tunasema: ni nguo ya kwetu. Lakini ufundi wake ulitoka mbali, katika kisiwa cha Java. Watu wa kule wanachora juu ya kitambaa kwa nta ya moto, kisha wanakitia ndani ya rangi. Mahali penye nta, rangi haishiki. Waholandi waliotawala Java waliiga kazi hiyo kwa mashini, wakauza vitambaa Afrika.

Mholandi mmoja alitaka kuijua kwa mikono yake mwenyewe. Ndiye Chris Lebeau, mchoraji, aliyezaliwa Amsterdam tarehe 26 Mei 1878. Alichora picha na tembre za posta, alifundisha vijana, na kwa nta alipamba vitambaa kwa saburi kubwa.

Lakini sifa yake kubwa ilitoka kwa vitambaa vya meza, alivyochorea kiwanda cha Van Dissel cha Eindhoven. Anayetandika altare anajua kitani cha namna hii: ni cheupe chote, hakina rangi hata moja, na bado kina maua. Nyuzi tu zimepishana kwa namna mbalimbali. Ukisimama vibaya huoni kitu; mwanga ukikipiga, maua yanatokea.

Mwezi wa Mei 1940 Wajeremani waliingia Holandi, wakaanza kuwatesa Wayahudi. Lebeau, aliyechukia vita na utawala wa nguvu tangu zamani, aliwasaidia. Mkono uliochora maua ukatengeneza vyeti vya uwongo, ili watu wasichukuliwe kwenda kuuawa. Mwezi wa Novemba 1943 akakamatwa.

Hapo aliambiwa: ahidi kwamba hutafanya tena kazi hiyo, nawe utafunguliwa. Akakataa. Akafungwa Vught, halafu mwaka 1944 akapelekwa Dachau, kambi ambamo Padri Titus Brandsma, Mholandi mwenzake, alikuwa ameuawa mwaka 1942; Papa Fransisko alimtangaza Padri huyo kuwa mtakatifu mwaka 2022. Lebeau alikufa tarehe 2 Aprili 1945, mwenye miaka 66. Tarehe 29 mwezi ule ule Waamerika wakafungua kambi.

Hatumwiti Lebeau mtakatifu, na mawazo yake ya kukataa serikali zote si mafundisho yetu. Juu ya vyeti vile, walimu wa maadili wataendelea kubishana na wanafunzi wao. Lakini tuangalie jambo hili moja. Kwa kuokoa wengine aliandika uwongo mwingi. Kwa kujiokoa mwenyewe hakukubali kusema hata mmoja. Ahadi ile ingekuwa neno fupi tu, na nani angemlaumu mzee kama yule?

Padri ao katekista anayetandika kitani cheupe asubuhi amkumbuke. Mara nyingi maua ya mtu hayaonekani, mpaka mwanga umpige.