Cherehani cha Mkono: Chombo na Mwenyewe

Kiswahili kina kitenzi kimoja ambacho mshairi na mshoni wanakitumia bila ya kugombana: kutunga. Hutungwa shairi, hutungwa ushanga, hutungwa shada la asumini, na hutungwa uzi katika tundu la sindano. Wazee waliotuachia neno hili hawakuona umbali mkubwa baina ya kazi hizo. Zote ni kupitisha kitu chembamba mahali padogo, kwa subira, hadi vitu vilivyokuwa mbalimbali viwe kitu kimoja.

Neno cherehani nalo lina nasaba yake. Asili yake inarejea kwenye charkh, neno la Kifursi lenye maana ya gurudumu, na ndugu yake katika lugha yetu ni cherehe, lile gurudumu la kunolea visu. Waingereza walikiita chombo hiki kwa kazi yake, yaani mashine ya kushona. Sisi tulikiita kwa kile kinachozunguka. Na katika cherehani cha mkono jina letu limelenga shabaha, kwani hapo mtu na gurudumu wako bega kwa bega: akizungusha kinakwenda, akiacha kinasimama, na baina yao hapana umeme wala mvuke wala bwana mwengine.

Historia ya cherehani mara nyingi huandikwa kuwa ni historia ya wavumbuzi na hataza zao. Katika kurasa hizi ningependa tuulize swali jengine. Chombo kilipokuja, kilimwongezea mshoni mkono au kilimnyang'anya ule aliokuwa nao?

Jawabu la kwanza lilitolewa Paris, nalo lilikuwa jawabu la hasira. Barthélemy Thimonnier, mshoni wa Kifaransa, alipata hataza mwaka 1830 kwa mashine iliyoshona kwa uzi mmoja, mshono wa mnyororo. Mwaka uliofuata karakana yake ilikuwa na mashine 80 hivi, zote zikishona sare za jeshi. Washoni wa mji ule, ambao riziki yao ilikuwa ncha ya sindano, waliivamia karakana na kuzivunja mashine. Thimonnier aliendelea na majaribio yake kwa miaka mingi, akafa fukara mwaka 1857.

Ni rahisi leo kuwacheka washoni wale na kuwaona wajinga waliopigana na wakati. Lakini tuwasikilize kwa insafu. Mashine 80 zile hazikuwa zao. Zilikuwa chini ya dari moja na mkono wa mtu mmoja, na kila moja ilifanya kazi ya watu kadhaa. Walichokiona kikiondoka ni kazi yao, na walichokiona kikibaki ni mlango uliofungwa. Hata upande wa pili wa bahari, Walter Hunt wa New York aliyebuni mashine ya nyuzi mbili katika miaka ya 1830, aliiacha bila ya kuikatia hataza, na hadithi iliyosimuliwa baadaye ni kwamba katika nyumba yake mwenyewe kulikuwa na khofu ya wanawake washonao kukosa kazi.

Aliyeikata hataza ni Elias Howe, tarehe 10 Septemba 1846, kwa sindano yenye tundu karibu na ncha na uzi wa pili unaopita chini. Isaac Merritt Singer akaja na yake tarehe 12 Agosti 1851, mashine iliyo imara na nyepesi kutumia. Kisha wakashitakiana. Vita vya mahakamani vilikwisha mwaka 1856 kwa wenye hataza kuu kuungana na kutoza ada kila aliyetaka kutengeneza mashine, na umoja huo ukaendelea hadi mwaka 1877, hataza ya mwisho ilipokwisha muda wake.

Mwaka huo huo wa 1856, Edward Clark, mshirika wa Singer na mwanasheria, alibuni jambo ambalo huenda liliibadili dunia kuliko sindano yenyewe: kuuza kwa malipo ya kidogo kidogo. Mashine iliyozidi dola 100 haikuweza kununuliwa na familia ya kawaida kwa mkupuo. Sasa iliingia nyumbani kwa malipo ya mwanzo madogo, na deni likafuata kila mwezi. Hapa swali letu linaanza kupata sura ya pili. Cherehani kilitoka katika karakana ya tajiri kikaingia chumbani kwa mshoni. Lakini kiliingia na daftari la deni kikwapani. Aliyemaliza kulipa alikuwa amepata mali. Aliyeshindwa alichukuliwa chombo chake, na fedha alizokwisha kulipa zikaenda na maji.

Vyerehani vingi vya mkono vilivyotawanyika duniani vilitoka katika mji mmoja wa Scotland, Clydebank, mahali paitwapo Kilbowie. Kampuni ya Singer ilifungua kiwanda chake huko mwaka 1885, na mnara wake wa saa wenye nyuso 4 ulionekana kutoka mbali. Mwaka 1913 kilitoa mashine zaidi ya milioni 1. Ile herufi K inayofuata namba ya aina, kama katika 28K, ni alama ya Kilbowie. Msomaji mwenye cherehani cha bibi yake chini ya kitanda na akifunue atazame: kibao kidogo cha shaba, maua ya dhahabu juu ya rangi nyeusi, na namba iliyopigwa kwenye chuma, aghalabu ikitanguliwa na herufi, ambayo kwayo hujulikana mwaka wa kuzaliwa kwake.

Lakini maua yale yana upande wa pili. Machi 1911, wanawake 12 wa kiwanda kile, waliokuwa wakisugua na kung'arisha makasha ya mbao, waliongezewa kazi bila ya kuongezewa haki. Waligoma. Katika siku chache wafanyakazi karibu 11,000 walikuwa nje ya malango pamoja nao. Mgomo ulishindwa mwezi Aprili, na mamia ya waliouongoza wakafukuzwa baadaye. Basi kasha lile la mbao ambalo kwetu limekuwa alama ya mwanamke mwenye shughuli yake mwenyewe, mikononi mwa wanawake waliolisugua lilikuwa kazi isiyokuwa yao. Chombo ni kile kile. Kinachotofautiana ni nani mwenye kukimiliki na nani mwenye kukiamrisha.

Pwani yetu ilikuwa na elimu ya nguo kabla ya gurudumu hili kufika. Baada ya mkataba wa mwaka 1833 baina ya Seyyid Said na Marekani, wafanyabiashara wa Salem walileta Unguja nguo ya pamba iliyofumwa huko kwao, na jina la nchi likawa jina la nguo: merikani. Leso nayo ilichukua jina lake kutoka Kireno. Na kwa mapokezi ya wengi, kanga ilianza kwa wanawake walionunua leso zikiwa hazijakatwa, wakazikata tatu tatu na kuziunga, ikapatikana nguo moja ya leso 6. Kwa maneno mengine, vazi hili lilianza kwa mshono kabla ya kuanza kwa chapa. Ilipokuja amri ya mwaka 1897 iliyoondoa hali ya kisheria ya utumwa Unguja na Pemba, nguo ikawa ulimi wa watu: aliyekuwa amevishwa alijichagulia la kuvaa, na la kuvaa lilitaka kukatwa na kupindwa.

Katika nyumba za namna hiyo cherehani cha mkono kilipata makao. Cha mguu kinataka meza yake, chumba chake, na aghalabu kilikaa barazani kwa fundi. Cha mkono hukaa juu ya mkeka au kijimeza, huingizwa ndani mvua ikinyesha, huazimwa kwa jirani siku ya harusi, na mwanamke aliyekaa nyumbani anaweza kupokea kitambaa mlangoni, kukishona, na kukirudisha kikiwa vazi. Hadi leo doti ya kanga hununuliwa ikiwa kipande kimoja. Hukatwa katikati, na kila upande hupindwa. Pindo hilo ni fedha ndogo, lakini ni fedha ya mwenye gurudumu.

Namna kinavyofanya kazi inastahiki kuelezwa. Nyuzi ni mbili. Wa juu hushuka na sindano, na sindano inapoanza kupanda hujikunja kitanzi kidogo chini ya nguo. Katika vyerehani vya zamani kama 28K, kimtumbwi cha chuma kilichobeba uzi wa chini hupita ndani ya kitanzi hicho, mbele na nyuma, kila hatua ya sindano. Kisha nyuzi hukazana na kufungana ndani ya unene wa nguo. Mshono mzuri haumjulishi mtazamaji upi wa juu na upi wa chini.

Mafundi huliita jambo hili kukaza na kulegeza. Mshairi angeliita mizani. Uzi wa juu ukikazwa mno, huuvuta wa chini ukaonekana usoni mwa nguo kama ushanga. Ukilegea mno, chini ya nguo hujaa vitanzi. Fundi mwenye akili huanza na uzi wa juu, robo ya mzunguko kwa robo, akijaribu juu ya kitambaa kibovu, na ile skrubu ndogo ya kimtumbwi haigusi ila imemlazimu. Na kabla ya yote hubadilisha sindano, kwa sababu sindano butu au iliyopinda huruka mishono, na lawama ikaangukia chombo kisichokuwa na kosa.

Mkono wa kulia huzungusha, wa kushoto huongoza. Mzunguko mmoja wa mpini hulizungusha gurudumu mara 3 hivi, basi hapana haja ya pupa. Mwanzo wa mshono hushikwa ncha zote mbili za nyuzi, zisijisokote chini. Nguo haivutwi, meno yaliyo chini ya mguu ndiyo yanayoisukuma, na mwenye kuivuta huipinda sindano. Vyerehani vingi vya umri ule havirudi nyuma, kwa hivyo mwisho wa pindo nguo hugeuzwa na hatua chache hushonwa juu ya zile za kwanza. Na kuna fadhila moja ya cherehani cha mkono: kwenye kona ya kola, au mahali penye kitambaa kinene, mtu anaweza kwenda hatua moja, akatazama, akenda nyengine.

Matunzo yake si siri, bali ni adabu. Vumbi la nyuzi hukusanyika chini ya bamba la sindano na baina ya meno. Hutolewa kwa brashi kila baada ya kazi kubwa. Kila tundu la mafuta na kila mahali chuma kinaposuguana na chuma hutaka tone moja, kisha gurudumu huzungushwa na ziada hupanguswa, isije ikatia doa kanzu ya Ijumaa. Mafuta ni yale mepesi ya cherehani. Mafuta ya nazi na ya simsim, pamoja na baraka zao zote jikoni, humu ni adui: hukauka yakawa gundi, na chombo hukakamaa. Kikikwisha kukakamaa, mafuta ya taa kidogo huiyeyusha gundi hiyo, kwa subira ya siku mbili tatu, kisha hufutwa na mafuta yanayostahiki hutiwa. Spirit isiguse mwili wake mweusi, kwani huondoa ile ngozi nyembamba inayolinda maua. Na kwetu visiwani, ambako hewa yenyewe ina chumvi, kitambaa kikavu na kifuniko ni nusu ya dawa. Usipoziba ufa utajenga ukuta. Asiyetoa tone la mafuta atatoa bei ya chombo.

Mwaka 1924 Gandhi, mtu aliyeilaumu mashine kuliko wengi wa zama zake, aliulizwa kama anazikataa zote. Alikitoa cherehani katika lawama yake. Hoja yake ilikuwa kwamba mashine ihukumiwe kwa mtu: ikimpunguzia taabu aliyekaa nayo, ni ya kheri; ikiukausha mkono wake, si ya kheri. Nadhani washoni wa Paris na wanawake 12 wa Kilbowie wangelimfahamu.

Kiwanda cha Kilbowie kilifungwa mwaka 1980, na mnara wake wa saa ulikwisha bomolewa mwaka 1963. Kilichobaki ni kituo cha treni kinachoitwa Singer. Vyerehani vyenyewe viko hai. Sindano ya kawaida ya vyerehani vya nyumbani inayouzwa leo madukani inaingia katika 28K iliyoundwa zaidi ya miaka 100 iliyopita. Ni vyombo vichache vya nyumbani vinavyoweza kusema hivyo.

Hata hivyo vingi vimekuwa mapambo katika madirisha ya maduka ya nguo na kumbi za mahoteli, vikinunuliwa kwa maua yake na watu ambao hawatavitia uzi. Kutu haikuviua. Vilichokosa ni mrithi: chombo kilirithiwa, na elimu ya tone la mafuta haikurithiwa pamoja nacho. Chuma bila ya elimu yake kinarejea kuwa mzigo, na mwenye mzigo huuza kwa bei ya kwanza anayotajiwa.

Basi aliye na cherehani cha mkono, na akakijua, asikiache kwa wanawe kabla ya kuwakalisha mbele yake. Awaonyeshe matundu ya mafuta, awaonyeshe kimtumbwi kinavyovishwa uzi, awaache wapinde leso ya kwanza ikaenda upogo, na ya pili, na ya tatu. Kutunga uzi katika sindano ni kama kutunga shairi: hakurithiwi kwa wasia.