1959 Shida Ilikuwa Nauli

Wasee, kama fomu ya skolashipu inataka masaa ya kujitolea na wewe kila wikendi uko Gikomba unauza mitumba, usidhani masomo si ya watu kama wewe. Rudi kidogo 1959. Kenya haikuwa na chuo kikuu kamili, na nafasi za Makerere zilikuwa chache. Tom Mboya akaenda Marekani kutafuta pesa za ndege. Watu maarufu kama Jackie Robinson na Sidney Poitier wakasaidia kuchangisha. Septemba hiyo wanafunzi 81 wakasafiri. 1960 Wangari Maathai naye akaenda, hadi Kansas. Cheti cha shule kilikuwepo, vyuo vilishakubali, wazazi na majirani walichanga. Kilichokosekana ni nauli.

Kujitolea ni poa, lakini lazima kuwe na mtu wa kukulipia matatu na chakula. Hapo ndipo mtoto wa maskini anakatwa mapema. Kwa hivyo tafuta zinazopima masomo. Ile ya serikali ya Japani, MEXT, ina mtihani na mahojiano. Na fomu ikiuliza umefanya nini, andika umelea wadogo zako na kusimamia kibanda cha mama. Hiyo ni kazi, tena kubwa.