Zawadi ya Kujiunga: Kadi, Msafara na Mkataba wa Tumbaku

Zawadi ya kujiunga ni kile ambacho mkopeshaji humpa mteja mpya kabla hajavuna chochote kutoka kwake: fedha taslimu, alama za kusafiria, miezi ya mwanzo bila riba, au bidhaa. Katika biashara ya kadi za mkopo, hasa Marekani, hii ndiyo sababu kubwa inayomfanya mtu achukue kadi moja na kuiacha nyingine. Ulyankulu, wilayani Kaliua, mkoa wa Tabora, kadi ya namna hiyo ni nadra; mwenye kadi ya benki kwa kawaida ana ile ya kutolea fedha zake mwenyewe. Lakini mkopo unaotanguliza utamu si mgeni pale. Ulipita katika njia ya misafara ya karne ya 19, upo leo katika mkataba wa tumbaku, na umeingia kwenye simu. Tuanze na kadi, maana huko hesabu iko wazi zaidi.

Mwenye kadi ya mkopo hununua kwa fedha za benki, kisha huletewa ankara kila mwezi. Akilipa yote kwa tarehe iliyowekwa, hadaiwi riba. Akilipa kima cha chini tu, salio linaanza kuzaa, na Marekani katika miaka ya karibuni riba hiyo imepita asilimia 20 kwa mwaka. Benki ina pato jingine: kila kadi inapotumika dukani, mwenye duka hukatwa sehemu ya mauzo yake, na kwa kadi za mkopo za Marekani sehemu hiyo huzunguka asilimia 2. Zawadi hutoka humo. Umoja wa Ulaya ulipoweka kikomo mwaka 2015, makato yanayokwenda kwa benki iliyotoa kadi yasizidi asilimia 0.3 kwa kadi za mkopo za watu binafsi, ukarimu wa benki za huko ulipungua, wala si jambo la kushangaza. Kwa hiyo zawadi ina walipaji wake: mwenye duka, anayeipandisha bei hata kwa mteja wa fedha taslimu, mwenye kubeba salio mwezi hadi mwezi, na mwenye kulipa ada ya mwaka kwa kadi aliyoisahau kabatini.

Mwanzoni benki hazikutoa zawadi, zilitoa kadi yenyewe. Septemba 1958 Bank of America iliwapelekea wakazi wa Fresno, California, kadi 60,000 kwa posta bila wao kuziomba. Walioshindwa kulipa kwa wakati walifika asilimia 22, wakati benki ilikuwa imetarajia asilimia 4. Somo walilopata wakopeshaji halikuwa kuacha kuvuta wateja, bali kuchagua nani wa kumvuta na kumwekea sharti. Leo sharti la kawaida ni matumizi: tumia kiasi fulani ndani ya miezi mitatu ndipo upewe alama.

Mfano uliovuma sana ni kadi ya Sapphire Reserve ya benki ya Chase, iliyotoka Agosti 2016. Iliahidi alama 100,000 kwa atakayetumia dola 4,000 katika miezi mitatu, na alama hizo zilinunua safari za dola 1,500 kupitia benki yenyewe. Ada ilikuwa dola 450 kwa mwaka. Maombi yalikuwa mengi hata benki ikaishiwa na kadi za chuma. Miezi michache baadaye, Januari 2017, zawadi ya waombaji wa mtandaoni ikashushwa hadi alama 50,000, na mwaka 2025 ada ilitangazwa kupanda hadi dola 795. Aliyeingia kwa ajili ya zawadi akabaki kwa mazoea, sasa analipa ada ambayo mwanzoni asingeikubali.

Tuseme kijana mwenye asili ya Tabora anaishi Marekani na anataka kadi ya aina hiyo. Swali lake la kwanza lisiwe ukubwa wa zawadi, liwe hili: dola 4,000 za sharti, ningezitumia hata bila kadi? Ikiwa ni kodi ya nyumba, chakula na mafuta ya gari, na fedha za kulipia zipo, zawadi ni yake, ukiondoa ada. Ikiwa ananunua televisheni ili afikishe sharti, amenunua zawadi yake mwenyewe. Na akibeba salio la dola 4,000 kwa mwaka mzima kwa riba ya asilimia 20, atalipa kiasi cha dola 800. Hapo zaidi ya nusu ya zile safari za dola 1,500 imekwisha, na ada bado haijaguswa. Mambo mengine ni madogo lakini yanauma: alama zinazokosa thamani nje ya mashirika fulani ya ndege, na ombi la kadi linaloandikwa katika kumbukumbu za mikopo na kushusha kidogo alama za kukopesheka za mwombaji. Benki nazo zimejikinga. Chase kwa kawaida humkatalia aliyefungua kadi tano au zaidi katika miezi 24, na American Express huweka sharti kwamba zawadi ya kadi moja hutolewa mara moja tu kwa mtu.

Sasa turudi kwenye misafara ya karne ya 19, huko Unyamwezi, nchi ya Wanyamwezi inayoizunguka Tabora. Kati ya pwani na Tabora mizigo ilikwenda kichwani na mabegani, kila mzigo kama frasila mbili, yaani karibu kilo 32. Wapagazi wengi walikuwa Wanyamwezi, watu huru waliofanya kazi kwa ujira, na ujira huo ulikuwa na sehemu mbili zilizotofautiana kabisa. Kulikuwa na posho, chakula cha kila siku au kitambaa cha kukinunulia. Na kulikuwa na malipo ya kutangulia, ambayo mara nyingi yalifikia ujira wa miezi kadhaa, yaliyotolewa kabla ya mtu kuinua mzigo. Mwenye msafara aliyekuwa na haraka alitangaza kiasi kikubwa ili awapate watu kabla ya washindani wake. Huo ndio ushawishi wa kujiunga kwa sura yake ya kale, isipokuwa hapa aliyebeba hatari ni mtoaji: mpagazi angeweza kupokea kitambaa na kutoroka usiku wa tatu.

Mpagazi mzoefu naye hakuangalia malipo ya kutangulia peke yake. Aliuliza nani kiongozi wa msafara, maana kiongozi mbaya hulaza watu na njaa; aliuliza uzito wa mzigo, na njia ipi. Swali la njia lilikuwa zito kuliko mengine baada ya Mirambo, mtawala aliyeunganisha Uyowa na Ulyankulu, kuingia vitani na Waarabu wa Tabora mwaka 1871. Njia ya magharibi kwenda Ujiji, kwenye Ziwa Tanganyika, ikafungwa. Mwandishi wa habari Henry Stanley, aliyekuwa akimtafuta msafiri David Livingstone, alikwama Kwihara, karibu na Tabora, na Septemba mwaka huo akalazimika kuzunguka kusini. Katika hali hiyo malipo makubwa ya mwanzo yalikuwa dalili kwamba njia imeharibika. Hata leo, mkopeshaji anapotoa zawadi kubwa kuliko wenzake, inafaa kuuliza anakimbilia nini.

Kulikuwa pia na wapagazi wa aina nyingine, watumwa wa Unguja na pwani waliokodishwa na mabwana zao. Kwao sehemu ya ujira iliingia mfukoni mwa bwana, na aliyebeba frasila mbili hadi Ujiji alikuwa ameuza jasho lake kwa faida ya mtu aliyebaki barazani.

Nyuma ya mwenye msafara alikuwako mkopeshaji wa Unguja. Taria Topan, mfanyabiashara mkubwa wa Kihindi, ndiye aliyemkopesha Tippu Tip, mfanyabiashara wa pembe za ndovu na watumwa, bidhaa za safari zake, naye Tippu Tip alikuwa na nyumba ya jamaa Tabora, kwa baba yake. Bidhaa zilitolewa kwa mkopo, kitambaa cha merikani na shanga, na deni likalipwa kwa pembe za ndovu baada ya miaka. Mara nyingi riba haikuandikwa kwa jina hilo. Ilifichwa ndani ya bei ya kitambaa. Sioni tofauti kubwa na ada inayoandikwa kwa herufi ndogo chini ya tangazo la kadi.

Wakulima wa Ulyankulu, wakiwemo wengi waliotokana na wakimbizi wa Burundi walioletwa makazi hayo kuanzia 1972 na baadaye kupewa uraia, wanaishi na mkopo wa tumbaku. Mkulima hujiandikisha kwa chama cha msingi, AMCOS, nacho huingia mkataba na kampuni inayonunua. Kwa mkulima asiye na mtaji, mbolea ya NPK na CAN inayofika kwa mkopo kabla ya mvua ndiyo zawadi ya kujiunga. Deni hukatwa siku ya soko, baada ya tumbaku kupangwa madaraja. Kwa miaka mingi bei imepangwa kwa dola, na pembejeo nazo ziliweza kuhesabiwa kwa dola, hivyo mkulima alibeba pia mabadiliko ya shilingi bila kuombwa ridhaa. Lililo gumu zaidi ni kwamba deni la chama ni la wote. Aliyevuna vizuri anaweza kusubiri malipo kwa sababu jirani ametorosha tumbaku akaiuza pembeni.

Simu imeongeza wakopeshaji, na imeongeza haraka. Kampuni ya simu ya Vodacom ilizindua M-Pawa, huduma ya akiba na mikopo, mwaka 2014, na baadaye Songesha inayoziba pengo la salio. Nje ya huduma zinazosimamiwa kuna programu za mikopo ambazo watu wamezipa jina la kausha damu, zinazotoa fedha kwa dakika chache na kuwapigia ndugu zako ukichelewa. Novemba 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilipiga marufuku programu 69 zilizokuwa zikifanya kazi bila leseni. Kabla ya kupakua, hapo ndipo pa kuanzia: leseni, kisha jumla ya kurudisha kwa shilingi, kisha tarehe. Kiasi cha kwanza unachopewa ni cha mwisho kuangaliwa.

Katika kikao cha AMCOS maswali ni yale yale, ila yanahitaji mtu wa kuyauliza mbele ya wenzake kabla ya kutia sahihi. Mfuko wa mbolea utakatwa kwa kiasi gani, na ikiwa hesabu ni ya dola, kwa bei ya dola ya siku ipi? Mbolea ikichelewa, deni linapungua au linabaki? Mwanachama akitorosha mzigo, nani analipa sehemu yake, na hilo limeandikwa ukurasa gani?