Nelson, Bin Nani?

Mtoto wa Jadida, pale jirani na Wete, hupewa jina moja tu. La pili ni la baba yake, la tatu la babu yake. Akiitwa Hamad Faki Kombo, basi huyo Kombo ni mtu, si ukoo. Na Hamad akizaa, mwanawe atamtaja Hamad, atamtaja Faki, na Kombo atakuwa amekwisha shuka. Ndiyo maana fomu inayodai "jina la ukoo" humtia Mpemba mashakani: babu hugeuzwa kabila, na baba na mwana wakaonekana karatasini kuwa hawahusiani.

Hapo kale Waingereza nao walikuwa na utaratibu wa namna hii. Nelson maana yake ni mwana wa Nell, Wilson mwana wa Will, Jackson mwana wa Jack. Ile silabi ya mwisho ndiyo "bin" yao. Baadaye bin hiyo iliganda, vitukuu wakarithi jina la Nelson ilhali nyumbani hapana Nell. Kisha Amiri Horatio Nelson akauawa katika vita vya Trafalgar, tarehe 21 Oktoba 1805, na sifa zake zikawafanya watu kulitwaa jina hilo la ukoo na kuwapa watoto wao liwe jina lao wenyewe. Huko Marekani, Nelson Aldrich, aliyekuja kuwa seneta, alizaliwa mwaka 1841.

Kwetu Afrika jina lilipitia mlango wa misheni na skuli. Kijijini Qunu, Afrika Kusini, yapata mwaka 1925, mtoto wa miaka saba aitwaye Rolihlahla alikwenda skuli siku ya kwanza. Mwalimu wake, Bibi Mdingane, alimpa kila mwanafunzi jina la Kiingereza. Yeye likamwangukia Nelson. Kwa nini hilo? Mwenyewe hakuwa na hakika. Katika kitabu cha maisha yake alimtaja yule amiri kwa kukisia tu. Asubuhi moja ilitosha mwana wa Gadla kufanywa bin Nell. Bibi huyo hastahili kulaumiwa peke yake, kwani hiyo ndiyo iliyokuwa desturi ya skuli za wakati ule.

Na Mandela je? Hilo lilikuwa jina la babu yake, mzaa baba, na ndilo lililofanywa la ukoo. Angezaliwa Jadida angeitwa Rolihlahla Gadla Mandela, pasi na kupungua wala kuzidi.

Tangu alipofunguliwa, tarehe 11 Februari 1990, mzazi wa Arusha au Kisumu anayemwita mwanawe Nelson aghalabu humkusudia yule mfungwa wa kisiwa cha Robben, wala amiri hamjui. Wengine humwita mtoto Mandela moja kwa moja. Mtoto wa Jadida akipewa jina hilo, mjukuu wake atalitaja la tatu, mahali pale pale lilipokuwa kwa mtoto wa Qunu kabla ya skuli.