FURUSIYA: FARASI WA VITA ALIFUNZWA KWA UPOLE

Bismillahi Rrahmani Rrahim.


Ndugu zangu katika imani, tukisimuliwa habari za mashujaa wa Kiislamu tunakumbuka upanga na vumbi la vita. Ni mara chache tunauliza: farasi yule alifunzwa vipi? Na aliyempanda alianzia wapi? Elimu hiyo wazee wetu waliiita furusiya, na ndani yake mna somo kwa kila mzazi na kila ustadhi.

Tuanze Madina. Imepokewa na Bukhari na Muslim kutoka kwa Ibn Umar (r.a.) kwamba Mtume (s.a.w.) aliwashindanisha farasi kwa makundi mawili. Walioandaliwa walikimbia kutoka Al-Hafyaa mpaka Thaniyyatul-Wadaa, maili 5 au 6. Wasioandaliwa walitoka Thaniyya mpaka msikiti wa Bani Zurayq, maili 1 tu.

Maandalizi hayo huitwa idhmaar. Farasi hulishwa vizuri mpaka anenepe. Kisha chakula hupunguzwa, akafungwa ndani na kufunikwa nguo atokwe jasho, mpaka mafuta yapungue na nyama ikaze. Zingatia hapa: asiye tayari hakubebeshwa masafa ya aliye tayari, wala hakuachwa nje ya uwanja. Alipewa masafa yake.

Twende Baghdad, karne ya 3 Hijria. Ibn Akhi Hizam, msimamizi wa mazizi ya Khalifa Al-Mu'tadid (892–902), aliandika juu ya upandaji na utabibu wa farasi. Alitaka mwanafunzi aanze bila tandiko, kwa sababu tandiko humsitiri asiyejua kukaa. Ukiyumba juu ya mgongo mtupu, kosa unaliona kuwa ni lako, si la mnyama.

Kisha Cairo, zama za Mamluki, hawa waliowazuia Wamongolia pale Ayn Jalut mwaka 1260. Kijana wao alijifunza kwanza kupanda na kushuka juu ya farasi wa sanamu, wa udongo au mbao. Baadaye farasi hai bila tandiko, ndipo tandiko, ndipo mbio, ndipo mkuki. Hatua kwa hatua. Tabibu wa mazizi ya Sultani An-Nasir Muhammad bin Qalawun (aliyefariki 1341), jina lake Abu Bakr bin Badr, aliandika kitabu kinachounganisha fani mbili: kumtibu farasi na kumlea. Kwa nini mbili pamoja? Kwa sababu farasi anayegoma huenda si mkaidi. Huenda mgongo una kidonda, au kwato inauma. Ukimpiga, umempiga mgonjwa.

Na ndiyo Sunna. Bibi Aisha (r.a.) alipanda ngamia mgumu akawa anamvuta huku na huku. Mtume (s.a.w.) akamwambia ashikamane na upole, kwani upole hukipamba kila kilicho nao, na ukiondolewa hukitia doa. Hadithi hii iko katika Sahih Muslim.

Sasa tujitazame, ndugu zangu. Mtoto wa miaka 6 anafika madrasa, hajatofautisha "ha" na "kha", bakora ishashuka. Hatujauliza kama anaona ubao vizuri, kama anasikia, kama amekula asubuhi. Akitoroka tunasema ana shetani. Wengine husema: bila bakora hawasomi. Mimi nasema: wale walikuwa wakiandaa watu wa vita, hawakuwa walegevu, na bado walianza na farasi wa mbao.

Malezi ni nidhamu, sikatai. Lakini nidhamu ina mpangilio: mjue mwanafunzi, mpe masafa yake, mtibu kinachomuuma, kisha mwongezee. Farasi aliyefunzwa kwa hofu humtupa bwana wake siku hofu ikiisha. Na mtoto aliyehifadhi kwa hofu, siku akikua na bakora haipo, msahafu ataufungua kwa ajili ya nini?

Allah atujaalie kuwa wapole kwa tuliowekewa amana. Aamin.

Wabillahi tawfiq. Mfikishie na mwenzako.