Mtoto Akiulizwa Kama Amependa

Kwa muda mrefu watengenezaji wa vitu vya watoto walimsikiliza mzazi, kwa kuwa ndiye mwenye fedha. Mtoto hakuhesabiwa kuwa na la kusema.

Mwanzoni mwa miaka ya 1920, Mswisi Jean Piaget alipewa kazi mjini Paris ya kuwapima watoto wa shule kwa maswali ya akili. Yeye akavutiwa zaidi na majibu yaliyokosewa, akawa anazungumza na mtoto mpaka ajue amefikaje pale. Usaili wa watoto una deni kubwa kwake.

Kwa watengenezaji, hatua kubwa ilipigwa Marekani, katika kipindi cha televisheni cha Sesame Street. Mkuu wa utafiti, Edward Palmer, hakutegemea maneno ya mtoto peke yake. Alimkalisha mbele ya televisheni, pembeni akaweka picha zinazobadilika kila baada ya sekunde chache, halafu ikaandikwa macho ya mtoto yanaelekea wapi. Julai 1969 vipindi vya majaribio vilionyeshwa kwa watoto wa Philadelphia. Vikaragosi wakitokea, watoto wametulia. Wakibaki watu peke yao katika mtaa wa kipindi hicho, macho yanahama. Wataalamu walikuwa wameonya kwamba vikaragosi wasichanganywe na watu. Onyo hilo likawekwa kando, wakaundwa Big Bird na Oscar waishi mtaani pamoja na watu. Kipindi kilipoanza rasmi Novemba, kilikuwa kimeshasahihishwa na macho ya watoto.

Maneno yao yana mtego wake. Mwaka 1980 Martin Hughes na Robert Grieve waliwauliza watoto wa miaka 5 na 7: je, maziwa ni makubwa kuliko maji? Karibu wote walijibu. Mtoto huamini kwamba mkubwa akiuliza, jibu lipo. Kwetu, ambako kumjibu mkubwa ni adabu, naona mtego huo ni mkali zaidi.

Mwaka 2002 Janet Read na wenzake wa Uingereza walieleza kipimo cha nyuso tano, kutoka iliyonuna hadi yenye furaha, ambamo mtoto huchagua moja kuonyesha alivyopenda. Wadogo wengi huchagua ile yenye furaha kuliko zote, hata iweje. Ndiyo maana watafiti hao huuliza pia: ungependa kurudia?

Basi ewe mwandishi wa vitabu vya watoto, nawe mtengenezaji wa katuni na programu zao, kaa kwanza pembeni uwatazame wakitumia kazi yako. Maswali yafuate baadaye.