Kulinganisha kwa Kiingereza: Kosa Lililokuwa Pambo

Kila mwalimu aliyepata kusahihisha insha za Kiingereza katika nchi zetu hizi anazifahamu sentensi mbili. Ya kwanza ni "This book is more better than that one". Ya pili ni "My brother is tall than me". Wino mwekundu huzipitia zote mbili bila kusita, kisha mwalimu hufungua daftari linalofuata. Mimi nami nilifanya hivyo kwa miaka mingi, hata siku moja msichana wa darasa la juu akanyosha mkono. Tulikuwa tukiisoma tamthilia ya Julius Caesar, ile ambayo Mwalimu Julius Nyerere aliitafsiri kwa Kiswahili mwaka 1963. Akauliza kwa adabu, "Samahani, Mwalimu. Antony anapolieleza pigo la Brutus, ametanguliza 'most' mbele ya neno lenye '-est' tayari. Je, Shakespeare naye alikosea?"

Nilimjibu kwamba Shakespeare ni Shakespeare, naye ni mwanafunzi. Darasa likacheka, msichana akaketi, wala hakuuliza tena muhula ule. Jibu langu halikuwa jibu, lilikuwa fimbo. Makala haya ni jaribio la kulilipa deni lile, nami nayaandika nikiamini kwamba si mimi peke yangu niliye nalo.

Tuanze na asili. Kiingereza cha kale, kilichosemwa kabla ya Wanormani kuiteka Uingereza mwaka 1066, kilikuwa na njia moja kuu ya kulinganisha, nayo ni kuongeza kiambishi mwishoni mwa kivumishi: "-ra" kwa kitu kilichozidi kingine, na "-ost" au "-est" kwa kilichozidi vyote. Katika baadhi ya maneno irabu ya shina nayo iligeuka, na ndiyo maana neno la uzee, ambalo leo ni "old", lilizaa "elder". Baadaye watu waliliunda upya kwa kufuata kanuni ya kawaida, likawa "older". Hata hivyo "elder" halikufa, bali lilihamia katika ukoo, na Mwingereza husema "elder brother" pale sisi tusemapo kaka mkubwa.

Katika karne zilizofuata njia ya pili ilipata nguvu, yaani kutanguliza "more" na "most" mbele ya kivumishi kisichobadilika. Wanazuoni wamebishana juu ya kadiri ambayo Kilatini na Kifaransa viliichochea njia hiyo. Lililo wazi ni kwamba kufikia siku za Shakespeare njia zote mbili zilikuwa zikitumika pamoja, na mwandishi aliyetaka kutia mkazo hakuona haya kuziunganisha katika neno moja. Ben Jonson, mshairi wa zama hizo hizo, aliandika kitabu cha sarufi kilichochapwa mwaka 1640, baada ya kufa kwake. Humo aliuhesabu ulinganishi huo wa mara mbili kuwa ni pambo la lugha, lenye kufuata mwendo wa Wayunani wa kale.

Pambo hilo halikudumu. Mwaka 1672 John Dryden alimkosoa Jonson mwenyewe kwa matumizi hayo, akayaita ya kishamba, ingawa alimsamehe kwa kuwa ndiyo yaliyokuwa desturi ya wakati wake. Mwaka 1762 Robert Lowth, kasisi aliyekuja kuwa Askofu wa London, alitoa kitabu chake kidogo cha sarufi na kuuhesabu ulinganishi wa mara mbili kuwa ni kosa. Lakini hata yeye aliacha mlango mmoja wazi: katika tafsiri ya zamani ya Zaburi, Mungu huitwa kwa neno lililozidishwa mara mbili, na Lowth akaona kwamba hapo linafaa, maana anayetajwa yuko juu ya kila kilicho juu. Tusidhani kwamba Lowth ndiye aliyeiua desturi ile. Katika maandishi ilikuwa imekwisha kupungua kabla yake, yeye akaupiga muhuri uamuzi wa wakati. Mwaka 1795 Lindley Murray, Mmarekani aliyehamia Uingereza, alitoa sarufi iliyokusanya mengi ya Lowth, nayo ikaingia mashuleni toleo baada ya toleo. Kutoka vitabu vya namna hiyo kanuni zikapokewa na walimu, hata zikatufikia sisi.

Ajabu ni kwamba Kiingereza sanifu cha leo bado kinabeba ulinganishi wa mara mbili bila kujua. Neno "near" lilikuwa zamani lenyewe ni la kulinganisha, likiwa na maana ya "karibu zaidi", na kilele chake kilikuwa "next". Watu walipoisahau asili hiyo waliunda "nearer", na hakuna mwalimu anayelikata. "Lesser" nalo ni la ukoo huo huo. Kiswahili pia kina kisa kama hiki. Neno "afadhali" limetoka katika neno la Kiarabu ambalo tayari ni la kuzidisha, lakini msemaji wetu akisema "afadhali zaidi" hakuna amshangaaye.

Kanuni nyingine zina historia ya namna hiyo. Chukua "than". Lilikuwa neno moja na "then", na hata katika karne ya 17 tahajia zake zilikuwa zikibadilishana. Lowth alifundisha kwamba baada ya "than" kuna kitenzi kilichofichika, kwa hiyo iandikwe "wiser than I", yaani "than I am". Joseph Priestley, mwanazuoni wa wakati huo huo, aliona kuwa "than me" ina hoja yake pia, kwa kuwa "than" hufanya kazi kama kihusishi. Ubishi huo haujaisha. Mwanafunzi wetu asilaumiwe akiduwaa hapo, maana katika lugha yake "mimi" ni "mimi" tu, awe mtenda au mtendwa.

Kadhalika "less" na "fewer". Mwaka 1770 Robert Baker alisema kwamba kwa vitu vinavyohesabika yeye huona "fewer" kuwa bora. Alilitoa kama oni lake, wengine wakaligeuza sheria. Na tangu karne ya 9, katika maandishi ya Mfalme Alfred, "less" lilikwisha kutumika kwa maneno yanayohesabika.

Je, tuzitupe kanuni? La, hasha. Mtihani una kanuni zake, na barua ya kuomba kazi haina nafasi ya kumweleza msomaji habari za Jonson. Maneno mafupi ya silabi moja huchukua "-er", marefu ya silabi tatu na zaidi hutanguliwa na "more", na kuyachanganya hayo mawili ni kosa katika maandishi sanifu ya leo. Ninalosema ni kwamba mwalimu apambanue kanuni ya desturi na kanuni ya maana. Ya kwanza hubadilika pamoja na watu, na ya pili ikivunjwa, msomaji hupotea.

Tazama sentensi hii: "The teacher likes Asha more than Juma". Je, mwalimu anampenda Asha kuliko anavyompenda Juma, au kuliko Juma anavyompenda Asha? Sentensi ya Kiswahili, "Mwalimu anampenda Asha kuliko Juma", ina kiza kile kile. Dawa ni kukitaja kitenzi: "more than Juma does", au "more than he likes Juma". Tazama tena: "The population of Kampala is larger than Jinja". Hapa watu wamelinganishwa na mji, na ilipasa kuandikwa "than that of Jinja". Na anayeandika kwamba Ziwa Victoria ni "larger than any lake in Africa" amesema kwamba ziwa hilo limejizidi lenyewe, kwa kuwa nalo limo Afrika. Neno dogo "other" ndilo linaloiokoa sentensi. Makosa haya hayana uzuri wa kale wa kuyatetea, na mara nyingi kalamu yetu nyekundu huyapita bila kuyaona, ikikimbilia "more better".

Turudi kwa yule kaka aliye "tall than me". Katika Kiswahili kivumishi hakibadiliki: "mrefu" hubaki "mrefu", na mzigo wote wa kulinganisha huchukuliwa na "kuliko", neno ambalo asili yake ni "mahali palipo na". Mtoto ameuweka mzigo wote juu ya "than", kama lugha ya nyumbani ilivyomfundisha. Wenzetu wa Rwanda, ambako mwaka 2008 serikali iliamua Kiingereza kichukue nafasi ya Kifaransa katika kufundishia, wanaweza kukutana na "more tall", kwa sababu Kifaransa hutanguliza "plus" mbele ya kivumishi. Kila kosa lina njia lililopita, na mwalimu anayeijua njia hiyo husahihisha kwa maneno machache yanayokaa.

Kama yule msichana angeuliza leo, ningemwambia: Shakespeare hakukosea, aliandika kwa desturi ya zama zake. Wewe unaandika kwa desturi ya zama zako, na wasomaji wako watakupima kwayo. Lakini umeona jambo ambalo mwalimu wako hakuliona, nalo linastahili kuandikwa ubaoni.